Nani huhesabiwa katika kura ya kujitenga?

Tarehe 20 Desemba 1860, wajumbe 169 waliokutana Charleston walipiga kura ya kuitoa South Carolina katika Marekani, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Kila ninapokutana na hesabu hiyo hukumbuka kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo lile walikuwa watumwa, na kwamba hao hawakuulizwa lolote. Wapo wanaoshikilia hadi leo kuwa ugomvi ulihusu haki za majimbo tu. Tamko walilolitoa wajumbe hao wenyewe kueleza sababu zao linautaja utumwa waziwazi.

Ukiitazama juu juu, kura ya Norwe ya Agosti 1905 inafanana na hiyo: waliotaka kuuvunja muungano na Uswidi walikuwa 368,208, waliokataa 184. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, lakini hawakukaa kimya, kwani walikusanya saini zaidi ya 240,000 za kuunga mkono. Ila kilichoipa kura ile nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba Uswidi yenyewe ndiyo iliyotaka wananchi waulizwe baada ya Bunge la Norwe kutangaza mwezi Juni kuwa muungano umekwisha, hivyo matokeo yalipotoka haikuwa na pa kukwepea. Majeshi yalikuwa yameshasogezwa mpakani, lakini mazungumzo ya Karlstad yakamaliza shauri bila vita.

Australia Magharibi haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1933 takriban theluthi mbili ya wapigakura wake walitaka kujitenga, na siku hiyohiyo, ajabu ya siasa, wakaiangusha serikali iliyowaletea kura hiyo na kukichagua chama kilichopinga kujitenga. Ombi lao lilipelekwa London, na mwaka 1935 likakataliwa kupokelewa kwa sababu serikali ya shirikisho haikuridhia.

Katika kura za karibuni, mzozo huanza kabla ya sanduku kufunguliwa. Uskoti ilipiga kura mwaka 2014 kwa makubaliano na London. Vijana wa miaka 16 na raia wa nchi za Ulaya waishio humo walishiriki, ilhali Mskoti aliyehamia Uingereza hakushiriki. Asilimia 55 walikataa kujitenga, na matokeo yakakubaliwa. Catalonia mwaka 2017 ilipiga kura iliyokuwa imezuiwa na Mahakama ya Katiba ya Uhispania. Waliosema ndiyo walikuwa takriban asilimia 90, lakini wapinzani wengi hawakujitokeza, na viongozi kadhaa wa waliotaka kujitenga wakaishia gerezani.

Quebec, jimbo la Kanada, ndiyo inayonishughulisha zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1995 wanaotaka kujitenga walishindwa kwa kura zisizofika 55,000, huku zaidi ya asilimia 93 ya wapigakura wakiwa wamejitokeza. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kwamba wingi ulio wazi, kwa swali lililo wazi, ungeilazimu nchi nzima kukaa mezani, lakini haikutaja ni asilimia ngapi. Aidha, siku sita kabla ya kura ile, Wacree, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Quebec, waliandaa kura yao wenyewe, na takriban asilimia 96 wakakataa kutolewa Kanada pamoja na ardhi yao bila ridhaa yao.