Nilivyosoma jaa la pweza hapa Songosongo

Kila tunapofunga mwamba miezi mitatu, pweza asichokolewe, hata mwezi wa kwanza haujaisha maneno yanaanza. Safari hii yalitoka kwa tajiri anayetununulia pweza, mtu ambaye sijawahi kumwona amelowa magoti: "Mama, fungueni. Pweza mkimwacha atamaliza kaa wote, mtakosa huku na huku." Wajumbe wawili wa kamati wakamuunga mkono. Niliudhika, maana kati yao hakuna aliyekwenda kutazama. Nikaomba ruhusa niende mimi, chuma cha kuchokolea kibaki nyumbani, na mlinzi wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, awe nami.

Kwanza nilijaribu matumbo. Walinzi walikuwa wamemnasa mwizi na pweza wanne, nikawapasua hao pweza nione wamekula nini. Nikakuta rojorojo tupu. Pweza ana mdomo kama wa kasuku, na mate yake yanalainisha nyama kabla hajaimeza. Asubuhi nzima ikapotea.

Ndipo nikakumbuka jaa. Sisi wachokoaji tunalijua tundu la pweza kwa makombe anayoyatupa mlangoni, lakini tukishampata pweza hakuna anayeyatazama tena. Nikaokota ndoo nzima: kauri, chaza, kome, kaa hakuna. Nikakimbilia kwenye kamati kutangaza kwamba pweza hagusi kaa. Bibi mmoja, mkongwe wa mwambani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, gamba la kaa lina uzito gani?" Nikaelewa papo hapo. Gamba la kaa maji yakijaa yanalibeba, kauri inakaa palepale mwezi mzima. Nilikuwa nimeokota vizito tu.

Kwa hiyo nikaanza kufagia, na hapa ndipo ninapojivunia. Siku ya kwanza ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nilisafisha milango ya matundu kwa mkono mpaka mchanga ukabaki mtupu, nikazungushia vijiwe ili magamba mepesi yasisombwe, nikafunga kipande cha kanga kuukuu kwenye jiwe kubwa kando nisilipoteze tundu. Kesho yake maji yalipokupwa nikaokota vya usiku mmoja tu. Kombe lililotobolewa nilikuwa nalielekeza juani: kitundu kidogo kama cha sindano ni cha pweza. Wapo konokono wa baharini wanaotoboa pia, ila tundu lao ni pana na la duara safi, hayo niliyatupa. Mkijaribu, vaeni raba. Fedha niliyotumia yote iliishia kwenye raba, kama elfu kumi hivi.

Bamvua mbili za mwanzo ndoo zilikuwa magamba ya kaa karibu matupu. Ya tatu, kauri na chaza wakalingana nao. Ya nne, kaa walikuwa mmoja mmoja, na kila pweza alikuwa na lake: tundu moja kauri tupu, jirani yake chaza. Kwa hiyo tajiri alisema kweli kuhusu kaa kupungua. Ila pweza hakufa njaa, alibadilisha chakula, na alizidi kunenepa.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya samaki chuoni alipoziona ndoo akanisimulia habari za fisi-maji wa bahari kule Marekani. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya hadi karibu kwisha, wakalindwa kwa mkataba wa mwaka 1911. Wanaporudi mahali huanza kula wale viumbe wa miba wanaokula mwani, na mwani mkubwa ukapata kuota upya. Chakula kizuri kikipungua, kila fisi-maji hushika chake, huyu kome, yule kaa. Huko California, kwenye hori la bahari la Elkhorn Slough, walipopunguza kaa, viumbe wadogo walioliwa na kaa waliongezeka, wakayasafisha majani ya bahari, majani yakastawi. Kwetu sijaona majani yakibadilika, na sikuwaambia wenzangu kwamba nimeona. Nilichoona ni mikunga, wale samaki warefu kama nyoka wanaowinda pweza. Ilikuwa imeadimika mwambani, sasa inalala jirani na matundu, na pweza wawili niliwakuta wamekatwa mikono.

Ndoo zote nne nilizipanga mbele ya kamati, bamvua kwa bamvua, nikawaachia wazichambue wenyewe. Bibi yule alikaa chini akahesabu magamba mpaka adhuhuri, na yeye ndiye aliyesema tusubiri. Tulifungua siku ileile tuliyopanga. Kwenye lile tundu la kauri nilitoa pweza wa zaidi ya kilo tatu, na tajiri alimpima bila kusema neno.

Bamvua iliyofuata nilirudi kufagia. Matundu yenye pweza yalikuwa machache, wenyewe wadogo, na mlangoni mwao kulikuwa na magamba ya kaa tena.