Wavu wa Kudakia Nini?

Binti yangu alikuwa anapekua picha alizotumiwa na shangazi yake kutoka San Francisco. Akaikuza moja kwa vidole viwili, akanisogezea simu puani.

"Mama, hapa chini ya daraja wanavua samaki?"

Nikatazama. Daraja la Golden Gate, rangi ile ile ambayo kila mtu huiita nyekundu na wenyewe wanasisitiza ni ya chungwa. Pembeni, chini ya njia ya waenda kwa miguu, wavu wa chuma umetandazwa kuelekea kwenye maji. Enzi zangu haukuwapo.

"Si wa samaki. Ni wa kudakia."

"Kudakia nini?"

Nikamwambia akaoge.

Ilikuwa Ijumaa, enzi hizo nikisoma huko. Mama alikuwa amezikwa Jumanne, mimi nikiwa darasani. Mkasa wa viza na nauli nimeshausimulia hadi umenichosha, naupita. Nilipanda basi bila kujua linakokwenda, nikashuka waliposhuka wengi. Kumbe ni watalii, na pale ni darajani.

Ukungu ulikuwa umemeza nusu ya mnara. Honi za kuongoza meli zililia kwa zamu, moja nene, moja nene zaidi. Nikasimama karibu na mguu wa mnara nikaanza kuhesabu vichwa vya ribiti, zile pini nene zinazoshikilia vyuma. Vimepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka hadi vimevimba kama chunusi, na ukipitisha kidole unahisi tabaka zake. Nilifika mia na kitu, nikapotea hesabu, nikaanza upya. Silii, sifikirii, nahesabu tu. Sijui nilikaa muda gani. Baiskeli za kukodi zilinipita, watu wakapiga picha za ukungu.

Baiskeli moja haikupita. Askari wa doria wa daraja, koti la kung'aa, mtu mzima. Aliiegesha mbali kidogo, akaja taratibu, akanisalimu. Nikamjibu nzuri, nikamuuliza za kwake, kama nilivyolelewa. Akasema nzuri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya salamu:

"Unafikiria kujiua leo?"

Leo! Neno lililonikwama ni hilo, kama mtu anayekuuliza leo utapita sokoni au la.

Sisi swali hilo hatuna pa kulichomekea. Ukiulizwa hali unajibu nzuri kwanza, msiba unafuata nyuma. Nzuri, ila mtoto amelazwa. Salama, ila tumeunguliwa na nyumba. Na lile neno lenyewe hulisikii hata matangani kwa mtu aliyekufa hivyo. Utaambiwa aliugua ghafla, na anayejua atatazama chini. Sasa huyu mgeni ananitamkia wazi, mchana, na mimi nimevaa koti la kuazima.

"Hapana," nikasema.

Hakuondoka. Akauliza kama nina mtu ninayeweza kumpigia simu.

"Mama yangu."

Lilitoka lenyewe, kabla sijakumbuka.

Hapo ndipo nikalia. Siku tatu nzima sijatoa chozi, nakuja kulia mbele ya mtu aliyevaa kofia ya baiskeli. Hakunishika, hakuniambia nijikaze. Alisimama tu. Baadaye tukatembea hadi mwisho wa daraja, yeye akiikokota baiskeli, akinieleza habari za goti lake.

Kwenye basi nilikuwa na hasira. Nilijiona nimetukanwa. Mimi wa kuulizwa vile?

Kichekesho ni kwamba mwaka 2008, bodi ya daraja ilipopiga kura kuchagua wavu wa kudaka wanaojirusha, mimi darasani nilikuwa upande wa wapinzani, na nilisema kwa kujiamini sana: aliyeamua ameamua, ukimzuia hapa atakwenda kwingine, kwa nini kuharibu mandhari? Hakuna aliyenipa jibu la maana siku ile. Jibu lilikuwapo tangu 1978. Mtafiti Richard Seiden aliwafuatilia watu 515 waliozuiwa pale darajani kati ya 1937 na 1971, akakuta zaidi ya 90 katika kila 100 bado wako hai au wamekufa kwa sababu nyingine. Hawakwenda kwingine. Walirudi nyumbani. Nilipolisoma miaka baadaye nilimkumbuka yule mtu na goti lake.

Na wavu wenyewe si jambo geni hapo. Daraja lilipokuwa linajengwa, wavu ulitandazwa chini ya mafundi, ukawadaka 19. Wakaanzisha kikundi chao, wakajiita walioishia nusu ya njia ya kwenda Jehanamu. Kazi ilipokwisha, wavu ukaondolewa, watu wakafunguliwa daraja Mei 1937. Mwingine ulikamilika Januari 2024. Hesabu mwenyewe.

Nilimjibu hapana, na nadhani nilisema kweli. Nadhani. Nimejaribu mara kadhaa kurudi pale kichwani nijikague, ninachokikuta ni zile ribiti tu.

Binti akatoka kuoga, maji yanamtiririka, swali lake bado analo.

"Mama. Kudakia nini?"

"Watu."

"Wanaoteleza?"

Ana miaka minane. Nikasema ndiyo, wanaoteleza.

"Wakiangukia humo wanaumia?"

"Wanaumia, ni chuma. Lakini kuna watu wanashuka kuwatoa."

Akafikiri kidogo. "Basi sawa," akasema, akachukua simu kutafuta picha ya paka wa shangazi.