Kitanda cha sentimita 10 na kiti cha enzi cha mpingo

Jamani leo naongelea zile fenicha ndogo za nyumba ya wanasesere, maana tangu nianze kuweka picha status watu wananiuliza nimenunua wapi. Sijanunua, nachonga mwenyewe kwa mkono.

Nyumba yenyewe ya wanasesere ni Lundby ya miaka ya 70, kampuni iliyoanzishwa Göteborg kule Sweden mwaka 1947 na Grete na Axel Thomsen. Niliachiwa na mama mmoja Mswidi, jirani yetu hapa Dar, alipokuwa anarudi kwao, walichezea wanae. Imenifikia tupu ila karatasi za ukutani zipo, maua makubwa ya rangi ya chungwa, na sizibandui ng'o. Wakusanyaji wengi hutafuta fenicha zilezile za kiwandani na nawaelewa kabisa, ila mi nimeamua iwekwe fenicha za Pwani, kwasababu hii nyumba imeishi Dar miaka mingi kuliko ilivyoishi kwao.

Sasa kwanza kipimo. Lundby ni 1:18, yani kila kitu ni kidogo mara 18 kuliko cha kweli, wakati mafundi wengi wa vitu hivi duniani wanatumia 1:12, hata ile nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary pale Windsor, Uingereza, aliyoisanifu Edwin Lutyens ikakamilika 1924, ni 1:12, kwahiyo ramani nyingi utakazokuta mtandaoni ni za kipimo hicho cha 1:12. Kiti cha kawaida unakaa kama sentimita 45 kutoka chini, kwa 1:12 inatoka 3.75, kwa 1:18 ni 2.5 tu, ukichanganya chumba chote kinaharibika.

Lakini urefu kila mtu anaupatia, kazi iko kwenye unene. Ubao wa juu wa meza una sentimita 2.5, gawa kwa 18 unapata milimita 1.4, yani hata kijiti cha aiskrimu ni kinene mpaka ukisugue msasa. Jicho linasamehe kitanda kikizidi urefu kidogo ila mguu mnene halisamehe kabisa, ukiona kiti kidogo kinakaa kitoto toto angalia unene wake kwanza.

Mbao nazo vilevile. Mninga na mvule ni mbao nzuri sana ila vitundu vyake vinaonekana, na kwenye kitu kidogo vinakuwa mashimo. Mpingo ndo mwenyewe, umeshikana, mzito mpaka unazama majini, unachonga mguu wa milimita 2.5 na kona zinabaki kali. Naokota vipande Mwenge kwa wachonga vinyago, mzee mmoja pale nikimpa shikamoo ananiambia chukua tu mwanangu, hivyo sisi tunachemshia chai, na mi naondoka na mfuko mzima nina furaha isiyo kifani. Nakata kwa msumeno wa sonara. Mpingo una mafuta gundi haishiki vizuri, kwahiyo kabla ya kugundisha futa na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, alafu gundisha palepale. Na vaeni barakoa tafadhali, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Kiti cha enzi, kile cha Lamu na Siyu, ndo kazi ninayoipenda kuliko zote. Fremu ya mpingo, mgongo wa kamba zilizosukwa, mahali pa kuwekea miguu, na vile vipande vyeupe vya pembe au mfupa vilivyopachikwa. Mi natumia plastiki nyeupe ya kopo la mtindi. Matundu ya kusukia natoboa na drili ya mkono, biti ya milimita 0.5, na nasuka uzi wa pamba wakati fremu bado iko vipande, ukishaunga kiti sindano haipiti tena.

Kitanda ni samadari, kile kitanda cha Pwani, futi 6 inakuwa sentimita 10.2. Juu yake khanga, na khanga ya sentimita 150 kwa 110 inatoka 8.3 kwa 6.1, ila kitambaa kidogo hivyo hakina uzito wa kujilaza, kinasimama tu. Chukua pamba nyepesi kabisa, lowesha na maji yenye gundi nyeupe kidogo, tandika juu ya kitanda ulichofunika nailoni, bana na pini mpaka ikauke. Pindo na mji nachora kwa mkono kabla ya kulowesha, na jina naliandika kweli kwa kalamu ya wino usiotoka kwa maji, yenye ncha ya milimita 0.1, sio mistari ya kudanganya, hii ya sasa inasema Wema hauozi.

Kinachofuata ni kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Kioo nitakata kwenye plastiki ngumu ya boksi la shati, bawaba nitakunja za shaba kutoka kwenye waya wa umeme, maana zinazouzwa tayari karibu zote ni za 1:12.