Usiku tuliposhuka Ilboru na tochi ya Koko

Kila tunapogusa suala la taa za barabarani kwenye mkutano wa kitongoji, hakosekani wa kusimama na hoja ileile. Mara ya mwisho alisimama mzee mmoja ninayemheshimu sana. Akasema nguzo ni ghali, nyaya zinaibwa, taa ikiungua inakaa miezi bila kubadilishwa, na isitoshe siku hizi hata mtoto wa darasa la saba anashika simu yenye tochi. "Kila mtu atembee na mwanga wake," akamalizia, na watu wakampigia makofi. Nilinyoosha mkono, muda ukawa umekwisha. Nilichotaka kusema hakisemeki kwa dakika mbili hata hivyo, kwa hiyo nakiandika.

Ilikuwa masika ya 2019. Wifi yangu alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimetimia, na kaka yangu yuko njiani na lori kuelekea Dodoma. Sisi tunakaa Ilboru ya juu, Arusha, huku kwenye miteremko ya Meru ambako nyumba zimejificha ndani ya migomba na kahawa, na njia ya kushukia barabara kuu ni mawe, matope na mifereji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi. Saa nane usiku nikasikia anagonga ukuta. Nilipofika chumbani kwake nikamkuta ameshika kitanda, chini kumelowa. Chupa ilikuwa imepasuka.

Nikapiga simu. Dereva wa teksi tuliyemtegemea hakupatikana. Bodaboda alikuja, tena upesi, akamwangalia mgonjwa, akaangalia tope, akasema, "Dada, mimi huyu simpakizi. Tukianguka naye nitamwambia nini kaka yako?" Alikuwa na haki. Basi nikakimbia nyumba ya pili kumwamsha Koko.

Si bibi yangu wa damu. Ni mama wa Kiarusha aliyewapokea watoto wengi wa huku kwetu kabla watu hawajazoea kwenda kujifungulia hospitali, na sisi sote tunamwita Koko. Alitoka amejifunga shuka mbili, mkononi ana tochi yake ya bati, ile ndefu ya betri kubwa tatu, iliyopauka rangi kwa kushikwa. Akampapasa wifi yangu tumbo, akanyamaza kidogo, akasema, "Twende kwa miguu. Kukaa hapa ni kubaya zaidi."

Mimi nikawasha tochi ya simu, nikaiinua juu ya kichwa ili watu wote watatu tuone. Hatukumaliza hatua kumi.

"Yeyo, zima hiyo. Unanitia kiwi."

Nikazima. Giza likanifunika kabisa, sikuona hata mkono wangu. Koko akawasha yake. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, hafifu, na nilishangaa kwamba hakuuelekeza mbele. Aliuteremsha hadi usawa wa goti, akaulaza pembeni ya miguu ya mgonjwa. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Tochi ikishikwa juu, karibu na macho, mawe yote yanafanana na udongo, kwa sababu kivuli cha kila jiwe kinajificha nyuma yake. Ikilazwa chini, kila jiwe linatupa kivuli kirefu, kila shimo linajaa weusi, unajua pa kukanyaga. Na kadiri tulivyoendelea macho yangu yakaanza kuichukua njia yenyewe: ukingo wa mfereji, shina la mgomba, ua la michongoma. Baadaye nilikuja kujua kwamba jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa sekunde chache tu hulirudisha lilikoanzia.

Kwa hiyo tochi naiheshimu. Bila ile ya Koko, wifi yangu angevunjika mguu kabla ya kona ya kwanza. Sielewi watu wanaoidharau.

Tulikwenda polepole. Uchungu ukija tunasimama, anamwegemea Koko, mimi nashika tochi, ukipita tunaendelea. Tulipita kwenye nyumba kubwa zenye kuta ndefu. Kuna moja ilikuwa na taa kali juu ya ukuta, imeelekezwa nje, na kipande kile ndicho kilichotusumbua kuliko vyote. Taa ilitupiga machoni, na pale chini ya ukuta, tulipotakiwa kukanyaga, palikuwa peusi kuliko penye giza lenyewe. Ile haikuwa taa ya barabara. Ilikuwa taa ya kumlinda mwenye nyumba dhidi ya wapita njia, na sisi ndio wapita njia.

Baada ya pale, ghafla tukamulikwa kutoka mbele.

"Nani hapo? Simama!"

Sikuona mtu. Niliona duara jeupe la mwanga, basi. Mimi nami kwa hofu nikainua tochi nikamulika kule sauti inakotoka, na sauti ikazidi ukali. Tukawa tumemulikana, sisi hatumwoni yeye na yeye hatuoni sisi. Wifi yangu akaanza kulia.

Koko akaninyang'anya tochi. Akaigeuza, akajimulika usoni mwenyewe, akakaa hivyo kwa utulivu, macho yamefumba. Kisha akaishusha taratibu akamulika tumbo la mgonjwa.

"Ni mimi Koko. Nina mzazi hapa."

Kimya. Halafu nikasikia kitu kikidondoka kwenye tope.

"Shikamoo, Koko. Nisamehe. Piteni, piteni."

Alikuwa mlinzi wa geti la jirani, kijana ninayesalimiana naye kila asubuhi. Kilichodondoka ni jiwe alilokuwa ameshalishika. Alitusindikiza hadi kwenye ubao wa kuvukia mfereji, akatumulikia, tukavuka mmoja mmoja. Sijaacha kulifikiria lile jiwe. Yule kijana si mkorofi, wala mimi si mwizi. Lakini mtu mwenye tochi gizani haonekani. Kinachoonekana ni mwanga unaomjia mtu, na nyuma yake anaweza kuwa yeyote. Tochi inamwonyesha njia aliyeishika. Kwa wengine wote inatangaza tu kwamba kuna mtu anakuja, bila kusema ni nani. Ndiyo maana Koko ilibidi ajimulike uso: alifanya kwa mkono kazi ambayo nguzo moja ya taa ingetufanyia wote wanne kabla hatujakaribiana.

Tukashuka hadi Sanawari, kwenye barabara kuu.

Wanaoijua barabara ya Sakina hadi Tengeru ilivyokuwa kabla ya kupanuliwa kuwa ya njia nne watanielewa nikisema nilifurahi kuiona. Taa zilikuwa zinawaka. Tukavuka hadi upande wa magari yanayotoka Tengeru, tukasimama chini ya nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nikamwona wifi yangu uso mzima. Alikuwa amekauka midomo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Njia nzima nilikuwa nikimwangalia miguu.

Koko naye aliona, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Akakamata pindo la khanga ya wifi, ile iliyolowa tangu nyumbani, akalikunjua chini ya taa. Kwenye tochi ya manjano lilikuwa limelowa tu, kama nguo yoyote iliyoloweshwa. Chini ya ule mwanga mweupe lilikuwa na rangi, kijani cha maji yaliyochemshiwa mboga.

"Haya si maji safi," Koko akasema. "Mtoto amejisaidia humo ndani. Tuna haraka."

Mkunga yeyote atakwambia maana yake. Maji ya uzazi yanatakiwa yawe maangavu. Yakiwa ya kijani inaweza kuwa dalili kwamba mtoto anachoka tumboni, na akiyavuta mapafuni wakati wa kuzaliwa anaweza kupata shida ya kupumua. Habari ile tulikuwa tumeibeba kutoka Ilboru bila kuiona, na tochi tunayo mkononi.

Magari hayakuwa mengi. Malori mawili yakapita. Kisha ikaja Noah imejaa makabichi hadi kwenye kioo cha nyuma, ikapunguza mwendo mbali kabisa, ikaja kusimama mbele yetu. Dereva hakuuliza nauli wala hakuuliza tunatoka wapi. Aliteremka, akahamisha viroba viwili vya kiti cha mbele akavirundika nyuma, akamweka wifi yangu. Mimi na Koko tukajibana juu ya makabichi. Hospitali ya mkoa, Mount Meru, haiko mbali kutoka pale. Tulifika kabla sijamaliza kumshukuru.

Koko aliingia na khanga mkononi, akamwonyesha pindo muuguzi wa kwanza aliyekutana naye, kabla ya salamu. Wakasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, wakaitana, wakampeleka chumba cha upasuaji. Mambo ya humo ndani siyajui. Ninachojua ni kwamba alfajiri tuliitwa kuambiwa ni msichana, amelia, na mama yake mzima.

Yule dereva nilimkuta bado nje, anafunga viroba upya. Nikamtolea pesa, akakataa. Nikamuuliza kwa nini alisimama, maana watu husema gari halisimami usiku hata ukilia.

"Niliwaona tangu mbali, dada. Bibi, mjamzito, na wewe. Ningeona tochi inanipungia gizani ningekanyaga mafuta. Mimi nina watoto pia." Kisha akaondoka kuwahi soko la Kilombero.

Simlaumu kwa hilo la pili. Ameachwa achague kati ya huruma na usalama wake, na usiku ule taa ilimwondolea uchaguzi huo. Mzee wetu wa kitongoji anasema kila mtu atembee na mwanga wake. Sawa, na yule dereva angeufanyia nini mwanga wangu?

Kaka aliporudi kutoka Dodoma, Koko hakumpa hata nafasi ya kumbeba mtoto. Akamtoa nje hadi getini, akamwonyesha pa kufunga taa, na akasisitiza imulike njia, si ukuta. Kaka akafunga balbu ya wati 9. Ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku inakula uniti tatu na kidogo kwa mwezi, na hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kulalamika kuhusu luku kwa sababu yake. Jirani wa chini akafunga ya kwake, kisha yule wa ng'ambo ya mfereji. Nyumba zilizobaki kati yetu na barabara kuu bado ni giza, na ndizo nitakazozitaja kwenye mkutano ujao, nikipewa nafasi mapema. Ya kwetu Koko aliikagua usiku wa kwanza tu. Akasimama pale kwenye ubao, akakunja uso, akapaza sauti ili kaka amsikie huko juu ya ngazi:

"Ishushe kidogo, inatupiga machoni. Hapo. Sasa namwona anayekuja."