Huna mwajiri, viza ya Ulaya unaiombaje? Mimi nilifanya hivi

Kila nikikutana na mfanyabiashara mwenzangu anaetaka kwenda Ulaya kumsalimia ndugu yake swali la kwanza ni lilelile, wewe hujaajiriwa popote, salari slipu ulitoa wapi? Sikutoa popote, sina. Nina duka la vitambaa na vyerehani hapa Morogoro, nashona, nauza vitenge, hela inaingia kwa M-Pesa na nyingine mkononi, nyingine iko kwenye kikoba. Na viza ya Ujerumani nikapata, kwa hiyo naandika hapa kirefu maana nimechoka kusikia watu wanaambiwa kwamba bila barua ya mwajiri usijisumbue. Sio kweli jamani.

Sababu ya safari ilikuwa mdogo wangu. Ni nesi huko Bremen, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na kwa kawaida mama ndo angeenda kumlea mzazi lakini magoti ya mama hayawezi tena kukaa kwenye ndege masaa yote yale. Akasema wewe mkubwa nenda, ukamkande na umpikie mtori mpaka amalize arobaini. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wa nchi hii hata kwenda Nairobi. Nikaanzia sifuri kabisa, pasipoti.

Pasipoti sitaikalia sana. Ni laki moja na nusu, unajaza onlaini kwenye tovuti ya Uhamiaji, namba ya NIDA uwe nayo na cheti cha kuzaliwa. Hii ya kielektroniki iliyoanza 2018 inadumu miaka 10. Kitu kimoja tu, Ulaya wanataka pasipoti iwe bado hai walau miezi 3 baada ya siku utakayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa 2 tupu, kwa hiyo mwenye pasipoti inayokaribia kuisha aibadilishe kwanza.

Sasa viza yenyewe. Inaitwa Schengen, moja inakupitisha nchi 29, ukiwa na ya Ujerumani unaweza kupanda treni ukaenda mpaka Paris bila kuomba viza nyingine. Uingereza haimo humo, watu wengi wanachanganya hapo. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, sio nchi ambayo umesikia wanatoa kirahisi. Mtu anakwambia omba kwa fulani alafu ukifika uende unakotaka, mi nasema usikubali, manake karatasi zako zote zitakuwa zinasema kitu kingine na safari yako inasema kingine na hapo ndo wanapokataa. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila siku 15 hizo ndo muda wao wa kawaida wa kutoa jibu na wanaruhusiwa kuongeza mpaka 45, na bado hapo hujahesabu muda wa kusubiri miadi. Anza mapema. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kwa hela yetu ni kama laki mbili na nusu na kitu kutegemea euro imeamkaje siku hiyo, na ukinyimwa hairudi.

Sasa nije kwenye ishu yenyewe ya sisi tusio na mwajiri. Yule anaesoma faili lako anataka kujua mambo machache tu. Unaenda kufanya nini, nani analipa, na kwanini utarudi. Mwajiriwa hilo la tatu analijibu kwa karatasi moja, barua ya bosi inasema huyu ni mtumishi wetu ana likizo kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii. Sisi hilo jibu tunalo tena zito kuliko lake, duka, wateja, mafundi, watoto, kiwanja, marejesho ya kikoba, lakini halijaandikwa popote. Maisha yetu yako kwenye midomo ya watu. Muulize yeyote pale mtaani kwetu atakwambia yule mama wa vitenge yupo hapa miaka nenda rudi, ila afisa wa viza hawezi kuja kumuuliza muuza nyanya. Kwa hiyo kazi yote ni kuyatoa maisha yako mdomoni kwa watu na kuyaweka kwenye karatasi, na hiyo kazi haifanyiki wiki ya mwisho.

Mimi nilichukua leseni ya biashara, cheti cha TIN, usajili wa jina la biashara BRELA, makadirio ya kodi ya TRA na risiti za kulipia. Mkataba wa pango la fremu. Stetimenti ya benki ya miezi ya nyuma yenye muhuri wa benki, na stetimenti ya simu pia, sababu kwenye simu ndo biashara inapoonekana inapumua, elfu kumi na tano ya mshono, elfu themanini ya sare ya harusi, kila siku kitu kinaingia kitu kinatoka. Benki nilikuwa napeleka hela kila Jumatatu hata kama ni kidogo. Wenzangu walikuwa wananishangaa, unapeleka elfu sitini benki ya nini si uzungushe tu, lakini ile mistari ya kila Jumatatu ndo iliyokuja kuniongelea.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa moyoni mwangu, USIAZIME HELA UKAIJAZE KWENYE AKAUNTI WIKI MBILI KABLA. Kuna watu mjini wanafanya hiyo biashara, anakuwekea milioni kumi, unatoa stetimenti, anachukua hela yake na cha juu. Akaunti ilikuwa na laki mbili mwaka mzima alafu ghafla milioni kumi, hivi kweli mtu anaesoma stetimenti kila siku ya Mungu asione? Kuna na vishoka wanaouza mpaka barua za kazi za kampuni ambazo hazipo. Dada mmoja ninaemfahamu alichukua barua ya namna hiyo, wakapiga simu, ikawa mwisho. Na taarifa za ombi lako zinakaa kwenye mfumo wao miaka 5 na nchi zote za Schengen zinaziona, hivyo usidhani utahamia ubalozi wa jirani ukaanza upya kama mgeni. Inaniuma kwa sababu yule dada alikuwa na saluni yake nzuri tu, ukweli wake ungetosha.

Kiwanja changu hakina hati miliki. Nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa kama Watanzania wengi. Niliambiwa isiweke, haina maana. Niliiweka, nikaambatanisha barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba ananifahamu, naishi hapo na familia yangu, nikatafsirisha kwa Kiingereza. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vya RITA, barua ya shule kwamba wanasoma. Kikoba nacho, katibu wetu aliandika barua na kugonga muhuri, nina hisa na nina mkopo naurejesha mpaka mwezi fulani. Watu huwa wanaficha mkopo ila mimi niliona mkopo nao ni kamba ya kunirudisha nyumbani.

Majina! Angalieni majina. Sisi wanawake tunaitwa la baba, la mume, la dini, la nyumbani. Karatasi yangu moja ilikuwa na herufi moja imekosekana kwenye jina la katikati, nikaenda kwa wakili akanitengenezea kiapo kwamba majina yote mawili ni mtu mmoja. Hela kidogo tu, amani kubwa.

Upande wa mdogo wangu ye alienda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini karatasi ya dhamana, Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, anaonyesha mshahara wake, analipia euro 29 na anajifunga kisheria kwamba gharama zangu zote nikiwa huko ni zake, hata serikali ikitumia hela kwa ajili yangu atadaiwa yeye. Sio karatasi ya kusaini kwa mtu usiemwamini kwa hiyo nyie mnaowalaumu ndugu zenu huko nje kwamba wamegoma kuwaalika, muwaelewe. Ile orijino akanitumia kwa mtu anaekuja, pamoja na barua ya mwaliko, kopi ya kibali chake cha kuishi na karatasi ya daktari ya tarehe ya kujifungua.

Bima ya safari watu wanaogopa wakisikia euro 30,000. Hiyo sio bei, ni kiwango ambacho bima inatakiwa iweze kulipa ukiugua au ikibidi kurudishwa nyumbani, wewe unalipia kiasi kidogo tu kulingana na siku zako, na iwe inatambulika nchi zote za Schengen. Tiketi usinunue, unabuku tu, wao wenyewe hawahitaji uwe umelipa. Picha ni milimita 35 kwa 45, bakigraundi nyeupe au rangi mpauko sana, mwambie kijana wa steshenari mapema maana amezoea ile bluu. Hijabu haikatazwi ilimradi uso wote uonekane.

Alafu barua yangu mwenyewe. Hii niliiandika usiku kwa mkono kwa Kiswahili kwanza, ndo mwanangu akaniwekea Kiingereza. Niliwaeleza kwamba kwetu mwanamke akijifungua haachwi peke yake, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa, mtoto anaogeshwa na mtu mzima, na hiyo kazi ni ya mama, mama akishindwa ni ya dada. Nikaeleza kwanini sio mama. Nikaeleza duka atabaki nalo nani, fundi wangu ambae tuko nae tangu cherehani ya kwanza, na kwamba Novemba na Desemba ndo msimu wetu wa sare za harusi na nguo za sikukuu kwa hiyo lazima niwe nimerudi.

Siku ya miadi nikapanda SGR asubuhi, elfu kumi na tatu mpaka Dar, nina faili limepangwa kwa mpangilio wa orodha yao. Dirishani alikuwa dada Mtanzania, ana heshima zake.

"Shikamoo mama. Unaenda kwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Kwa mdogo wangu, anajifungua."

"Na duka utamwachia nani?"

Nikamjibu kama nilivyoandika. Akauliza mume yuko wapi, watoto wangapi, mdogo wangu ameenda lini Ujerumani, anafanya kazi gani. Hakuna hata swali moja ambalo jibu lake halikuwa ndani ya faili. Kama kitu umeishi hukikariri, unajibu tu. Wakachukua alama za vidole, nikalipa, nikatoka nikaenda kula ugali na samaki kwa amani kabisa.

Kwa wanaonyimwa, mnapewa fomu yenye sababu imewekewa alama. Isomeni, msiitupe kwa hasira. Ya wengi ni ile ya kwamba wana mashaka kama utarudi, au mazingira ya safari hayajaeleweka. Zamani kwa Ujerumani ungeweza kuandika barua ya kupinga bure na ubalozi ukapitia upya, lakini kuanzia 1 Julai 2025 wameufuta utaratibu huo dunia nzima, sasa ni kuomba upya ukiwa umerekebisha au kwenda mahakamani kwao Berlin, na nani kati yetu ataenda Berlin kushtaki. Binafsi naona wametuonea hapo. Mtu amelipa hela yake, karatasi moja haijaeleweka, alistahili angalau kusikilizwa mara ya pili bila kulipa tena.

Viza ikibandikwa isome hapohapo kabla hujaondoka, jina, namba ya pasipoti, tarehe, na ule mstari wa idadi ya siku. Tarehe na siku ni vitu viwili tofauti. Viza inaweza kuonyesha inaanza mwezi huu inaisha miezi miwili mbele lakini siku za kukaa ni pungufu ya hapo, ukihesabu tarehe peke yake utajikuta umezidisha na hilo litakufuata kwenye maombi yanayofuata.

Na kopi za kila kitu zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi la chini, manake viza haikuhakikishii kuingia, afisa wa mpakani bado ana haki ya kukuuliza. Mimi pale Frankfurt niliulizwa naenda kwa nani na narudi lini, nikatoa barua ya mdogo wangu na tiketi ya kurudi, akaangalia, akanipitisha, nikaanza kutafuta bango la treni ya Bremen.