Tope la Rau

Leo nimeshinda Msitu wa Rau, na hadi sasa soksi hazijakauka. Sisi wakazi wa Moshi tunausahau kwa sababu uko karibu mno. Wageni nao wanakuja kwa ajili ya mlima. Wakibakiwa na siku moja ndipo wanaletwa huku, moja kwa moja hadi kwenye mvule mkubwa, wanapiga picha, wanarudi mjini kula. Mimi nimepiga pia. Mti ule hauachi mtu apite hivihivi.

Ila kilichonishughulisha zaidi ni lile tope. Huku chini masika yakishakwisha ni vumbi tupu, lakini ndani ya Rau ardhi inatota. Maji yake hayakunyesha hapa. Yalinyesha juu kule, kwenye msitu wa Kilimanjaro ulio juu ya vihamba, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, yakazama katika miamba ya volkano, yakapita chini kwa chini hadi yakachomoza tambarare. Ndiyo yanayokuza msoo, mti ambao nje ya Tanzania na Kenya huukuti. Ndiyo pia yanayolimia mpunga wa jirani, kwenye skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Sasa askari wa TFS, wakala wa serikali wa misitu, anaweza kukamata kila mwenye msumeno, na bado msitu ukafa kwa kiu kwa jambo lililofanyika mbali na mpaka wake.

Mbega walikuwepo, tena wengi, wamejikalia juu wakisaga majani. Tumbo lao lina vyumba, kwa hiyo kazi yao kubwa ni kukaa na kusubiri chakula kilainike. Kitoto kimoja bado kilikuwa cheupe pee. Ngozi nzuri ya wakubwa, nyeusi na nyeupe, ndiyo iliyowaponza karne ya 19, Wazungu walipoitaka kwa mavazi.

Dada mmoja akamuuliza babu aliyetuongoza kwa nini wasipande mvule shamba zima. Babu akacheka. Mvule ukibanwa na wenzake unavamiwa na kidudu kiitwacho Phytolyma: majani yanavimba vinundu, ncha inakufa, mche unadumaa. Unaponea ukiota mmojammoja, mbali na mwenzake na kwenye kivuli kidogo. Na anayeutawanya hivyo ni popo, anayekula matunda usiku na kudondosha mbegu kokote anakoruka. Nikawaza zile sherehe zetu za kupanda miti, miche imepangwa mistari kama mahindi na mgeni rasmi ameshika ndoo.

Popo hao hawalali Rau tu. Jirani yangu juzijuzi kakata mwembe wake mzima kwa sababu walikuwa wanamchafulia gari. Kesho nikimkuta gengeni nitamweleza habari za mvule, ingawa kwa anavyojua kubisha, mazungumzo yataishia kwenye bei ya kuosha gari.