Mafuta ya twita

Watu wengi wa Goma wamekaa karibu na mafuta ya sumaku bila kujua. Ndani ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba kwenye bafle za kanisani, mara nyingi mna matone ya mafuta meusi. Sumaku ya spika huyashikilia kwenye mwanya wa koili, yaani waya uliosokotwa, nayo hubeba joto ili koili isiungue. Mimi niliyaona 2016 katika mtaa wa Birere, kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Mwalimu, kuya uone," aliniita. Alikuwa amefungua twita iliyoungua, ya kwaya fulani. Aliposogeza sumaku, tone likaota miiba. "Hii mafuta inafuata sumaku, lakini nimeisugua na kidole, sisikii chuma."

"Chuma kimo, mzee, ila hakishikiki." Nikamweleza kwamba ni chembe za magnetite, madini yenye chuma, upana wake kama nanomita 10, kila moja imevikwa utando unaozuia zisigandane, ni ndogo hivi kwamba msukosuko wa molekuli za mafuta unatosha kuzizuia zisituame. Steve Papell wa NASA aliyabuni 1963, akitaka fueli ya roketi ivutwe na sumaku mahali pasipo na uzito. Roketi zilimfurahisha mzee. Mimi nilikuwa nawaza mwanga.

Nikamwomba kalkuleta mbovu. Juu ya kioo chake kuna utando wa polaraiza, unaopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Tuliubandua, tukaukata vipande viwili na kuvipishanisha hadi tochi ya simu ikazimika kabisa nyuma yake. Katikati tukaingiza tone la yale mafuta, limebanwa kati ya vioo viwili mpaka weusi ukawa rangi ya chai ya rangi. Giza bado.

Mzee akaleta sumaku ubavuni. Mwanga ukatokea, wa kahawia, palepale. Akaizungusha polepole: ukawaka, ukazima, ukawaka tena, mara nne kwa mzunguko mmoja. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Sumaku inazipanga chembe ziwe minyororo, na mwanga unaotikisika sambamba na minyororo hausafiri kwa mwendo sawa na ule unaoikata. Minyororo ikilala sambamba na polaraiza mojawapo, hakuna kinachobadilika. Ikikaa nyuzi 45, mwanga unapinduliwa na kupenya. Quirino Majorana, Mwitaliano, aliona jambo la aina hii katika maji yenye chembe za chuma tangu 1902, bila kalkuleta ya kubandua.

Kalkuleta nililipishwa, na bei haikuwa ya kirafiki. Mafuta alikataa kuyauza: ni ya kanisa, alisema, chukua tu.

Darasani nilirudia jaribio lile, na msichana mmoja wa viti vya nyuma aliitazama ile sumaku ya spika, ya duara yenye tundu. "Mwalimu, tupitishe tochi ndani ya tundu." Tukapitisha. Katikati palibaki giza, pembeni mwanga ukavuja kidogo. Wenzake wakasema sumaku imechoka. Yeye akabisha: ndani ya tundu sumaku inaelekea kulekule tochi inakomulika, kwa hiyo mwanga unaikuta minyororo kwa ncha, na huko pande zote ni sawa. Nikampa chaki aichore.